Malazi ya Wageni wa Tracy

Jumamosi asubuhi Constance alianika magodoro juani nyuma ya nyumba yao ya Ruashi, kisha akaingia kusugua sakafu ya chumba cha wageni. Lilibaki juma moja binti yake Tracy aolewe. Harusi ingefungwa Ureno, katika mji mdogo wa pwani, na Constance hakuwa na viza. Alikuwa ameomba mara mbili, akanyimwa mara mbili.

Tracy alikuwa ametuma maelekezo kwa wageni wote kwenye simu. Wakishuka kwenye ndege wapande treni. Waje na koti, maana upepo wa jioni hauna adabu. Mwisho aliandika kwamba kila mgeni ajitafutie malazi mapema, hoteli zinajaa. Hapo mama alikasirika. Tangu lini mgeni wa harusi akajitafutia malazi? Alipoolewa yeye, kule Kambove, jamaa walifika na mikeka yao kwapani, wakagawanywa nyumba kwa nyumba, hata kwa majirani wasiojua jina la bwana harusi. Shangazi zake walibanana chumba kimoja, wakacheka mpaka jogoo akawika. Zilikuwa siku tamu zile, na Constance alizililia waziwazi huku akitandika mashuka.

Mume wake, Alphonse, alimkumbusha kwamba wageni hawaji Ruashi. Constance akamjibu kwamba mama wa bibi harusi ndiye hulaza wageni, harusi iwe wapi.

Siku ya harusi alifungua dirisha la chumba hicho kiingie hewa, akaona bahari. Chumba kilikuwa kimekwenda. Kilisimama mchangani kati ya hoteli mbili, na matofali yake ya kuchoma na bati lake. Constance akafunga kitambaa kichwani, akachukua kikopo cha pemba, ule udongo mweupe ambao mama humpaka binti yake kwenye paji la uso siku anayoolewa. Alikuwa amengojea kazi hiyo tangu Tracy alipozaliwa. Akafungua mlango.

Mlangoni alisimama afisa wa uhamiaji, mtu mpole. Alieleza kwamba chumba hakikuwa na kosa, kwa sababu vyumba haviombi viza. Constance ndiye aliyetakiwa abaki ndani. Constance akamtolea kiti, maana mgeni ni mgeni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Wageni walikuja, kwa kuwa hoteli zilikuwa zimejaa kweli. Waliokuwa na pasipoti za kule waliingia na kutoka walivyotaka, wakasifu mashuka, wakaacha mizigo, wakaenda kanisani. Mjomba mmoja wa bwana harusi aligombezwa kwa kukanyaga godoro na viatu.

Kisha Tracy akaja dirishani na gauni lake. Dirisha lilikuwa na vyuma, Alphonse alivichomelea kwa kuogopa wezi. Constance alipopitisha mkono, afisa alimwomba aurudishe: nje ya vyuma ilikuwa Ureno. Tracy naye hakuthubutu kuingia, kwa sababu kibali chake cha kuishi Ulaya kilikuwa kinafanywa upya, na angehesabiwa kwamba ametoka. Basi akabana paji la uso kwenye vyuma, likaingia ndani kiasi cha upana wa kidole.

"Maman, fanya mbio, banatungojea."

"Tulia, mutoto. Mama yangu hakunipakaka mbio."

Alimpaka polepole. Alitamani kumshika mashavu yote mawili. Tracy alipokwenda, Constance aliisikiliza harusi akiwa amekaa kitandani: kengele, nyimbo, vigelegele. Na yeye akapiga vyake, peke yake. Afisa hakumzuia, sauti haikutajwa katika sheria.

Wageni walilala vizuri. Asubuhi waliaga wakishukuru, na saa ya kupika bukari, ugali wa mchana, chumba kilikuwa kimerudi Ruashi. Alphonse aliuliza harusi ilikuwaje.

"Bageni balilala muzuri," alisema Constance.

Baada ya siku chache picha zikafika. Tracy alisimama katikati ya watu wote, mrembo hata roho inauma. Constance aliikuza picha, akatafuta paji la uso. Lilikuwa safi kabisa. Tracy aliandika kwamba mpiga picha alidhani ni doa, akalifuta kwenye picha zote, na hakuna iliyobaki nalo.

Constance akamwita Alphonse, akaweka kidole kwenye kioo cha simu.

"Angalia hapa," alisema. "Mi nilikuwaka hapa."