Jina Tulilolificha

Jina la kwanza la mtoto wa kaka yangu silitaji, na wala msinibembeleze. Baridi ya mwaka jana aliugua homa ya kichwa, akapona lakini maneno yakampotea. Mganga wetu alipokwenda kumtafutia roho yake, alirudi na habari moja: kuna kitu kimelijua jina la mtoto, na kila likiitwa kinasogea. Tukachinja kuku, tukamfunga nyuzi nyeupe mkononi, tukampa jina jipya, Chue. Sisi Wahmong, tuliotoka milima ya Laos, ndivyo tufanyavyo, hata hapa St. Paul, Marekani. La zamani tukalizika midomoni mwetu.

Nyumba ikatulia. Chue akaanza kutamka "maji", kisha "mama", kwa kujikongoja. Alichohitaji ni mtu wa kumfundisha kusema kila siku, kabla ulimi haujalala kabisa. Shuleni kwake mwalimu wa namna hiyo alikuwepo. Tulikwenda mkutanoni kumwomba huyo tu.

Kaka yangu alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo mimi na wifi yangu Pang, mama yake Chue, ndio tuliosubiri kwenye korido. Ndani alikuwemo mama wa Tanner, mtoto anayekaa meza moja na Chue, naye pia hasemi vizuri. Mama huyo alifoka mpaka kioo cha mlango kikatetemeka. Alitoka amepata mwalimu wa kusema, kila asubuhi. Hongera zake. Lugha ni yake, hata ukali wake wanauelewa.

Sisi tulikuta watu wenye tabasamu na simu katikati ya meza. Mkalimani alikuwa humo ndani ya simu, mwanamume wa kwetu asiyejulikana yuko wapi. Sauti ikakohoa, ikatusalimu vizuri, halafu ikalitaja. Jina lile.

Pang akanishika goti. "Wifi, amelipata wapi?"

"Si shule bado inalo! Hukumwambia yule dada wa mapokezi?"

"Nilimwambia. Akacheka, akasema jina zuri."

Sauti iliendelea, na kila sentensi ilikuwa na jina ndani yake. Chumba kilikuwa na joto la kutosha, lakini niliiona pumzi yangu ikifuka kama niko nje kwenye baridi.

Nikaiinamia simu. "Mwanangu, usilitaje hilo. Mtoto anaitwa Chue. Waambie."

"Nisamehe, shangazi. Mimi nasema wanachosema wao."

"Basi waambie ninachosema mimi! Una kazi gani humo?"

Simu ikatoa Kiingereza kifupi. Wale watu wakatabasamu zaidi. Mpaka leo sijui waliambiwa nini.

Wakauliza, mtoto ahamie chumba cha chini, mwisho wa korido, penye utulivu? Pang hakulisikia swali. Alikuwa anasikia jina tu, na kila likitajwa anatazama mlangoni. Kwetu mwalimu akizungumza unaitikia kwa kichwa. Ni adabu, hujakubali wala hujakataa. Jibu hutoka baadaye, ukishakaa na ukoo. Pang akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena haraka haraka, ili wanyamaze.

"Wanashukuru kwamba umekubali," ikasema sauti, na simu ikakatika.

Mwalimu wa kusema hatukupata hata nafasi ya kumtaja. Tulipigwa butwaa pale kitini huku wakitufungulia mlango kwa heshima zote. Nilikasirika, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumpa.

Theluji ilikuwa imeshaanguka siku tuliyokwenda kumchukua mapema. Kule chini watoto walikuwa wanapaka rangi tu, hakuna anayefundishwa neno. Chue alikuwa ametupa kisogo.

"Chue!" Pang akaita. "Chue, baba, twende nyumbani."

Hakugeuka.

Mwalimu wa chumba kile, mwanamke mwema ambaye sikuona ubaya wake, akamwita kwa jina lile. Mtoto akageuka upesi, akaitika. Aliitika kwa sauti safi, nzito kidogo, isiyokwama popote. Mwalimu akapiga makofi kwa furaha.

Garini Pang alimwita Chue njia nzima, kwa kubembeleza, kisha kwa kulia, na mtoto alitazama dirishani kama anayesikia jirani akiitwa. Mimi nilikaa naye kiti cha nyuma. Niliogopa kumshika mkono.