Marehemu Yuko Sebuleni

Mtaa mzima ulimwita Marehemu, naye aliitika. Jina alipewa na fundi viatu wa pale kona, mwaka ule alipoanza kuonekana kwenye runinga, maana kila alipoonekana alikuwa anakufa. Alikufa kwa risasi, akafa kwa panga, akafa kwa kusukumwa kutoka ghorofani, na mara moja alikufa kwa supu yenye sumu, akaanguka uso ndani ya bakuli. Hakuwahi kupewa neno la kusema. Kazi yake ilikuwa kuingia, kushtuka na kuanguka, na kwa kuanguka, tusidanganyane, hakuwa na mpinzani. Watoto walimsalimia njiani: "Shikamoo, Marehemu!" Naye aliwajibu, "Marahaba, warithi wangu," akapita zake.

Jioni hiyo alikuwa hashikiki. Sebule yake ndogo ilijaa kabla jua halijazama. Waliokosa viti walikaa sakafuni, na waliokosa sakafu walichungulia dirishani. Alivaa shati jipya la bluu aliloshonewa na mkewe, ambaye cherehani yake ilikuwa pale pale pembeni mwa runinga, na kola ilisimama wima kama ya bwana harusi.

"Leo sifi!" alitangaza, amepanda juu ya kigoda. "Mwongozaji kaniambia kwa mdomo wake. Nimepewa maneno ya kusema, na naishi mpaka mwisho. Kuanzia leo sifi tena, wafe wengine!"

Sebule ililipuka kwa vigelegele. "Mcheza kwao hutunzwa!" fundi viatu alipaza sauti. "Lakini jina halibadiliki, ndugu yangu. Tumeshalizoea."

Bintiye wa miaka mitano alikaa mstari wa mbele kabisa, miguu ameikunja, macho makavu kama ya mtu aliyelala mchana kutwa kwa makusudi. Na kweli alilala kwa makusudi. Huyu walimwita Daktari, na jina lake nalo lina kisa.

Tangu Marehemu aanze kazi hii, mkewe hakuipenda. "Mtoto mdogo na picha za watu kuuana, wapi na wapi?" alimwambia. "Baba Daktari, akili ya mtoto ni unga mbichi. Ukiubonyeza kidole, alama inabaki." Marehemu naye jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Maigizo tu hayo, mke wangu. Atajifunza lini kazi ya baba yake?" Walivutana mpaka wakapatana hivi: mtoto ataangalia vifo vya baba yake tu, si vya mtu mwingine, na baba akishaanguka, runinga inazimwa hapo hapo, mtoto anaweka sikio kifuani kwake na kusikiliza. Akisikia, anatangaza, "Unadunda!" Hapo ndipo watu wanacheka na kuendelea na mambo yao. Basi kila baada ya kifo, mtoto alipima, akatangaza, na Marehemu akasema kwa majivuno, "Mnaona? Mtoto hana hata wasiwasi."

Lakini leo majivuno yalikuwa nje tu. Ndani ya shati jipya alikuwa anatokwa jasho. Kuna jambo hakumwambia mtu, hata mkewe aliyekuwa akimpima mabega. Alipoulizwa anafanya nini kwenye tamthilia hiyo, alijibu, "Nasema maneno." Maneno kweli aliyasema. Ila baada ya kuyasema, alimkaba mtu koo kwa mikono yake miwili mpaka mtu yule akakata roho.

Siku ya kurekodi hakuona shida. Shida ilimjia asubuhi ya leo, alipokuwa anamchana Daktari nywele. Hiyo ilikuwa kazi yake, kwa kuwa mama mtu huwahi cherehani. Alitazama vidole vyake vikipita karibu na shingo ile nyembamba, akasimamisha kitana. Kufa mbele ya mtoto si kitu, unaamka. Lakini kuua? Alijisikia vibaya mno, na hakuwa na uso wa kumwambia mkewe, "Mama, ulikuwa na haki." Mwanamume aliyeimba "maigizo tu" miaka yote ataanzia wapi?

Akaamua kutumia ujanja.

"Daktari, mwanangu, twende ukalale."

"Sina usingizi. Nilishalala wa leo na wa kesho."

"Basi nenda kwa bibi jirani ukamwangalie paka."

"Bibi yupo hapa, baba. Na paka amemleta."

Watu wakacheka. Marehemu akatoka nje kama mtu anayekwenda kupunga upepo, akazunguka nyuma ya nyumba, akauvuta waya wa antena kwa nguvu zake zote. Ndani runinga ikaanza kunyesha chenga, na watu wakapiga kelele kana kwamba wameibiwa. Kabla hajafika mlangoni, fundi viatu alishapanda juu ya bati, mguu mmoja na kiatu na mwingine peku, waya mdomoni. Picha ikarudi safi kuliko mwanzo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na Marehemu aliteleza kila alikogusa.

Tamthilia ikaanza. Jina lake likapita kwenye kioo, herufi nyeupe, na sebule nzima ikasimama. Hata mkewe alipiga kigelegele kimoja, kirefu, cha moyoni, na Marehemu akasahau hofu yake kwa muda. Yule pale! Anaingia dukani kwa mwendo wa kibabe, anaegemea kaunta, anafungua mdomo. "Nilikwambia nitarudi," anasema. Anasema! Sauti nene, imetulia.

"Huyo! Huyo ni nani kama si jirani yetu!" fundi viatu alifoka kutoka juu ya bati, akiwa amelala kifudifudi anachungulia dirishani kichwa chini.

Mwenye duka kwenye picha alikuwa fundi bomba, rafiki yake wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye uso wa upole. Si mwigizaji. Marehemu mwenyewe ndiye aliyempeleka, mwongozaji alipotafuta mtu wa kufa. "Kazi rahisi," alimwambia. "Unalala tu." Na sasa mikono ilinyooka juu ya kaunta, ikashika koo. Fundi bomba akatapatapa, akaangusha makopo, akalegea, akateremka polepole nyuma ya kaunta macho wazi. Alikufa vizuri mno kwa mtu anayeanza.

Shangwe ilikatika kama maji ya bomba. Mkewe alinyoosha mkono, akazima runinga.

Marehemu hakutazama watu, alimtazama mtoto. Daktari aliinuka, akamsogelea kama kawaida yake, lakini hakuweka sikio. Alisimama hatua moja mbali naye, akaitazama mikono ya baba yake.

"Na yule?" aliuliza.

"Yule nani, mwanangu?"

"Yule uliyemkaba. Moyo wake kausikiliza nani?"

Marehemu alicheka kicheko cha kujilazimisha. "Aah, yule yuko kwake, anakula zake. Ngoja tumpigie simu." Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Alimnyooshea mtoto mkono amkalishe mapajani, na mtoto akaficha mikono yake nyuma ya mgongo. Katika vifo vyake vyote, hakuna kilichomuuma Marehemu kama hicho.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mkewe alisema taratibu. "Ndiyo hayo maneno uliyosema unayasema?"

"Mama Daktari, nisamehe. Nilidhani..."

"Utadhani njiani. Vaa viatu twende kwa fundi bomba. Mtoto anataka kuona, ataona."

Walitoka wote. Nani angebaki? Bibi jirani na paka wake, waliokuwa sakafuni na waliokuwa dirishani, fundi viatu akishuka kwenye bati anauliza kiatu chake kingine kiko wapi. Mbele alikwenda Daktari ameshika mkono wa mama yake. Marehemu alifuata nyuma yao, mikono mifukoni.

Kwa fundi bomba walisikia kilio kabla ya kubisha hodi. Mlango ulikuwa wazi. Fundi bomba mwenyewe, mzima, ovaroli imelowa, alikuwa amelala kifudifudi kando ya kitanda anaongea na watu wasioonekana. Simu yake ilikuwa imesahaulika ndani ya mfuko wa vifaa, chini ya spana.

"Toka, kipenzi. Ni mimi baba."

"Wewe mzimu!" sauti ndogo ilijibu kutoka uvunguni. "Baba amekufa! Nimeona!"

Mke wa fundi bomba aliwaeleza kwa pumzi moja. Mumewe hakuwa amesema nyumbani kwamba yumo kwenye tamthilia. Alitaka kuwashtukiza, na kweli wameshtuka. Aliitwa kuziba bomba lililopasuka, akachelewa. Kitinda mimba wao akaangalia runinga pamoja na wenzake, akamwona baba yake akikabwa na kufa. Mara mlango ukafunguka, yule yule aliyekufa akaingia anachuruzika maji. Mtoto akaruka uvunguni, na hapo ndipo alipo mpaka sasa.

Marehemu alisogea atoe pole. Kule uvunguni mtoto akaona viatu, akainua macho mpaka usoni, akatoa ukelele uliowafanya watu wa nje waweke mikono vichwani.

"Ndiye! Ndiye yule! Amemfuata!"

"Shemeji," mke wa fundi bomba alisema kwa uchungu, "umekuja kummalizia?"

Marehemu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Watoto wote wa mtaani walikuwa warithi wake, wanamparamia mabegani, wanamwomba aanguke. Hakuwahi kumwona mtoto akimwogopa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, shati jipya na yote.

Daktari aliachia mkono wa mama yake. Alilala chini, akatambaa, akapotelea uvunguni. Watu walisikia minong'ono, kamasi zikivutwa, minong'ono tena. Kisha sauti yake ikatoka, ya kuamuru:

"Baba, kufa!"

"Nini?"

"Kufa. Anataka kuona unavyofanya."

Marehemu alitazama sakafu iliyojaa maji na matope ya buti za fundi bomba. Alitazama shati lake. Alimtazama mkewe aliyelishona, na mkewe akamwonyesha sakafu kwa kidevu.

Basi akafa. Na kufa gani! Alishika kifua, akayumba, akashika pazia likachomoka na fimbo yake, akapiga goti moja, akainuka, watu wakadhani amepona, akapiga la pili, akateleza, akaanguka chali kwenye matope, mguu mmoja ukatetemeka mara ya mwisho na kutulia. Nje fundi viatu alishindwa kujizuia. "Hicho ndicho kipaji!" alisema, akazabwa kofi la mgongo anyamaze.

Kisha uvunguni vikatoka vichwa viwili.

"Usiogope," Daktari alimwambia mwenzake. "Huwa anakawia kidogo. Weka sikio hapa."

Marehemu alifumba macho, akahisi kisikio chenye joto, kimelowa machozi, kikitua kifuani kwake. Alitaka kuutuliza moyo wake usimshtue mtoto, ukakataa.

"Unadunda," kitinda mimba alisema. Akasikiliza tena. "Unadunda sana!"

Akainuka, akamwendea fundi bomba aliyekuwa bado amepiga magoti, akabandika sikio kwenye ovaroli mbichi. Alikaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kusikia moyo. "Na huu," alisema hatimaye, na fundi bomba, mtu mzima na ndevu zake, akalia mbele za watu bila kuona haya. Nyumba ikalipuka kwa kelele na vicheko. Vitoto viwili vikaruka juu ya Marehemu vikimwomba afe tena, naye akafa mara tatu zaidi, mpaka shati halijulikani kama lilikuwa la bluu.

Wakati wa kurudi, Daktari mwenyewe aliuchukua mkono wa baba yake, bila kuombwa. Marehemu aliubana kwa shukrani, akatembea kama mfalme aliyeanguka shimoni akatolewa.

"Mnaona?" alianza, maana ulimi wake hauponi. "Mtoto akielezwa vizuri..."

"Wa kwako umemweleza," mkewe alisema. "Wa fundi bomba, bahati yake tulikuwa karibu. Wengine je?"

Marehemu aliinua macho. Mtaa wote, kushoto na kulia, madirisha yalikuwa yakimeta ule mwanga wa bluu wa runinga. Hajawahi kuyatazama hivyo. Katika dirisha la karibu, pazia lilisogea, uso mdogo ukachungulia, ukamwona. Pazia likaanguka haraka, na ndani mtoto akaanza kulia.

Daktari alisimama. Akamvuta baba yake mkono kuelekea mlango ule.

"Baba," alisema, "na huyu."

Marehemu alimtazama mkewe. Mkewe alimfuta tope kwenye kola na kuisimamisha wima tena. Marehemu akavuta pumzi, akausogelea mlango wa watu asiowajua, akabisha.

"Hodi wenyewe! Samahanini sana. Ni yule muuaji wa kwenye runinga. Nimekuja kufa."