Vichwa vya Bure

Bosi wetu wa kiwanda cha samaki tulimwita Birika, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa mgumu. Mtu aliyezoea kutukagua mifuko tukitoka, hata mkia usimponyoke, siku moja alisimama mlangoni anatabasamu. Vichwa, mifupa na maini tuchukue bure, alisema, kadiri tunavyoweza kubeba.

Wenzangu walishangilia. Mimi machale yalinicheza. Minofu tunayoikata husafirishwa mbali, na mabaki alikuwa akiwauzia watengenezaji wa chakula cha kuku. Hakuwahi kusamehe hata kichwa kimoja.

"Hapa kuna kitu," nilimnong'oneza mwenzangu wa mezani.

"Shoga, una gubu wewe! Ukinyimwa unanuna, ukipewa unanuna."

Nikabeba, siku hiyo na kila siku iliyofuata. Nyumbani nina binti mwenye mimba yake ya kwanza, na kila alichokula alikitapika isipokuwa supu ya vichwa. Hiyo aliinywa mpaka akalamba bakuli, nami nikafurahi kumwona ananenepa. Lakini kazini sikumwondolea Birika macho. Anataka kutupunguza? Anatulainisha tusidai nyongeza? Mwishowe nilimwuliza usoni. Akacheka, akanigonga bega.

"Mama, wewe kula tu. Maswali ya nini?"

Miaka yote ile hakuwahi hata kunisalimia. Nikazidi kumshuku.

Ndipo akaja dereva wa lori la chakula cha kuku, kuchukua mapipa yao matupu. Nilimfuata nje.

"Kaka, mbona vichwa hamchukui tena?"

"Kwani hamjaambiwa?" Akashusha sauti. "Vilipimwa. Maji machafu ya kiwanda cha betri yameingiza madini ya risasi ziwani. Kwenye mnofu ni kidogo, ila yanajikusanya kichwani, mifupani na kwenye maini. Wafugaji wamekataa kabisa kuwapa kuku wao. Bosi wenu tulimwambia zamani."

Kuku wamekatazwa, tukapewa sisi. Sikurudi mezani, nilikwenda nyumbani mbio, aproni ya kazi bado kiunoni.

Binti yangu alikuwa amekaa mlangoni, bakuli tupu mapajani. Kabla sijafungua mdomo alinivuta mkono, akauweka tumboni mwake.

"Mama, sikia anavyocheza! Nikishakunywa tu supu yako, anaamka."