Mama Fa, Mimi La

Mtoto mmoja alipokosa somo, Mwalimu Dorotea alidhani ni surua. Wakakosa wengine, akasema labda ni mvua. Jumatano ile hakutokea hata mmoja, na mvua haikuwapo.

Alikaa kando ya piano sebuleni kwake Kiseke, mlango ameuacha wazi, akisikiliza nyayo za barabarani. Watu walipita. Mama mmoja aliyejitwika ndoo alivuka upande wa pili kabla ya kufika usawa wa mlango wake, kisha alipokwisha kupita akarudi upande ule ule aliotoka. Dorotea alimwona, akaogopa.

Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alikuwa mjane aliyezaliwa Ukerewe, akafundishwa kinanda na masista angali binti, akaipigia kwaya ya parokia mpaka nywele zikawa nyeupe. Piano yenyewe aliachiwa na padre mmoja mzungu aliyerudi kwao kufa. Miaka mingi watu walimwona kama kizee anayetunza kabati lenye kelele. Ndipo zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru, viwanda vya samaki vikajipanga ufukweni, wenye bahati wakapata fedha, na pamoja na fedha wakapata tamaa za kila aina: shule ya Kiingereza, makochi ya Dubai, na mtoto wa kupiga piano wageni wakija. Ghafla kabati la Dorotea likawa na foleni ya watoto wa miaka sita.

Lakini viwanda hivyo hivyo vilichukua minofu ya sangara na kuwaachia wenyeji mapanki, yaani kichwa na mifupa. Dorotea aliyakaanga kila asubuhi na kuyauza, na moshi ukamla macho mpaka yakawa mekundu moja kwa moja. Na huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu hahitaji kosa jingine ili aitwe mchawi. Habari za vikongwe waliokatwa mapanga vijijini zilisomwa redioni kwa sauti ile ile ya kutangazia bei ya pamba.

Alasiri jirani yake Odeta aliingia kwa mlango wa uani. Alikaribishwa kiti, akakataa. Alizunguka kwanza na habari za maji ya bomba, akaja na za kuku wake, na Dorotea alipomwambia aseme alichokuja kusema, akakisema akiangalia sakafu.

"Dada, yule Precious wa Mashimba anaimba nyumbani kutwa. Anaimba, 'Mama fa, mimi la. Mama fa, mimi la.' Wanasema umemfundisha wewe. Na mama yake yuko hospitali, tangu juzi hajitambui."

Dorotea alitaka kucheka. Hakucheka.

Kwani ni kweli alimfundisha yeye. Watoto wadogo hawashiki noti kwa majina matupu, do, re, mi, fa, so, la, ti. Kwanza nusu yao hiyo re wanaiita "le", na huwezi kugombana na ulimi wa Kisukuma na piano kwa siku moja. Basi alikuwa akiwaambia kila mmoja azigawie noti watu wa nyumbani kwao. Precious alimpa baba yake do, bibi yake so, mama yake fa, na yeye mwenyewe akachukua la. Kisha wakawa wanaitana kwa vidole: baba do, mama fa, mimi la. Kwa masikio ya Dorotea, fa haikuwa neno. Tangu utoto wake ilikuwa sauti tu, hatua moja juu ya mi, na la haikuwa na uhusiano wowote na kula. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba mtu asiyejua noti angesikia mtoto akimwambia mama yake afe ili yeye ale. Na kila mtu mjini hapa anajua ni watu gani wanaokula watu.

Odeta alimshauri awahi kivuko cha Kamanga, aende kwa kaka yake Sengerema mpaka mambo yapoe. Akatoka alikoingilia, mbiombio, bila kuaga.

Dorotea alitia kanga mbili kwenye kikapu, akazitoa. Akikimbia, amekiri. Asipokimbia, wanamkuta. Alizitia tena, na kabla hajafunga kikapu akasikia gari likisimama nje.

Mashimba aliingia akiwa amemshika mwanawe mkono. Nyuma yake walikuja wanaume wawili wa ukoo, wakasimama mlangoni, mmoja kila upande.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Mashimba.

"Marahaba, baba."

Aliishika shikamoo ile kwa nguvu zake zote. Mtu aliyekuja kukuua hakuamkii, alijiambia. Wale wawili hawakuamkia.

Mashimba alisema yeye ni mtu aliyesoma, ana malori yake, hapendi kuendeshwa na maneno ya mitaani. Ameambiwa mengi tangu mkewe alazwe, na mimba yake ya miezi saba, na mengine ameambiwa na mtu wa ramli ambaye hakutaka kumtaja. Kabla ya kuamua lolote anataka kuona kwa macho yake hicho alichofundishwa mtoto.

Dorotea alimketisha Precious kwenye kiti cha piano. Mtoto alimtazama baba yake, akaweka kidole. Baba do. Bibi so. Mama fa. Mimi la. Dorotea alieleza kila noti, polepole, na Mashimba akasogea, akauliza yake ni ipi, akaibonyeza kwa kidole chake kinene. Piano ikaitika. Uso wake ukalegea kidogo.

"Kumbe ni mchezo tu," alisema.

"Ni mchezo, baba. Ni wa kukumbushia."

Dorotea alipumua kwa mara ya kwanza tangu Odeta aingie. Ndipo mmoja wa wale wa mlangoni akauliza, kwa upole kabisa, imekuwaje katika majina yote hayo, mama wa watu akapewa hilo la kufa.

"Si mimi," alisema Dorotea haraka. "Mtoto alichagua mwenyewe."

Ilikuwa kweli tupu, na aliitoa kama mtu anavyoinua mkono kukinga uso. Hakumtazama mtoto alipoisema.

Nje teksi ilifunga breki. Kija, mdogo wake Mashimba, aliyekuwa akimuuguza wifi yake, aliteremka bila viatu. Alifika kizingitini akaanguka magoti, na hakuna aliyehitaji kumuuliza.

"Kaka, Suzana ametutoka."

Mashimba alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya piano. Kija alilia. Wale wawili waliondoa macho kwa Dorotea, wakayaelekeza kwa yule mtoto kwenye kiti, na wakayaacha hapo.

Precious hakulia. Alikuwa ameificha mikono yake kwapani, vidole vyote. Alimgeukia mwalimu wake.

"Bibi," aliuliza, "ni mimi niliyemwambia fa?"

Dorotea alijua la kusema ili apone. Alikuwa amekwisha kulisema. Ilitosha anyamaze tu, aache swali lijijibu, na mtoto huyu angekua nalo mpaka uzeeni kwake, na ukoo mzima ukimtazama kama wale wawili walivyokuwa wakimtazama sasa. Aliogopa. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti, akaitoa mikono ile midogo kwapani, mmoja mmoja.

"Siyo wewe, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo kila mtu chumbani aliisikia. "Wewe hukuchagua kitu. Ni mimi niliyempa mama yako fa."

Mtoto alimtazama macho yale mekundu kwa muda, akamwamini, akaanza kulia kama watoto wanavyolia.

Mashimba alimwambia Kija ampeleke mtoto kwenye gari. Alingoja mpaka wametoka, kisha akafunga mlango kwa ndani.