Barua Iliyokwenda Kasanga

Ijumaa ile ya Juni 2006, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye kompyuta namba mbili katika duka la intaneti la Shigela, mjini Sumbawanga, ninasoma ujumbe wa kampuni moja ya Marekani. Nilipofika mstari wa mwisho nilipiga kelele hadi mteja wa jirani akaruka.

"Waliituma, Shigela! Barua waliituma tangu Mei!"

"Barua ipi?"

"Yangu! Yenye namba ya siri! Na leo saa tisa alasiri jina linaondoka!"

Shigela aliacha wateja wake akaja mbio. Yeye peke yake ndiye aliyeijua biashara yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nina stashahada yangu, na kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nanunua maneno. Ndiyo, maneno. Yale majina ya tovuti yanayoishia na dotikomu: kila jina lina mwenyewe mmoja tu dunia nzima, na anayewahi ndiye anayelipata. Nilichagua, Shigela akalipia kwa kadi yake ya benki, nikamrudishia mwisho wa mwezi.

Niliianza kwa udadisi. Siku moja nilijaribu maneno ya Kiingereza ya vitu vya kawaida: mkate, mvua, farasi. Yote yalikuwa na wenyewe, na mengine yaliuzwa kwa bei ya nyumba ya matofali. Nikajaribu neno la Kiswahili. Lilikuwa wazi. Nikajaribu la pili. Wazi! Lugha ya mamilioni ya watu imekaa pale bila mlango wala komeo, na hakuna aliyeona! Nilimkumbuka baba yangu kule Mollo. Zamani mahindi yake yalinunuliwa na chama cha ushirika tu. Biashara ilipofunguliwa, walioneemeka ni wale waliowahi kupata malori, na yeye alibaki akiwapungia mkono barabarani. Mimi sikutaka kubaki barabarani. Nilichukua maneno saba, na la kwanza lilikuwa nafaka.

Kwenye ukurasa wa nafaka niliandika sentensi moja: "Jina hili lina mwenyewe, piga simu," na namba ya Shigela. Machi ilipigwa kweli. Bwana mmoja wa Nairobi, mwenye kampuni ya kununua mazao, alitaka kunipa dola mia tatu. Mia tatu kwa neno moja! Lakini nilipotaka kuingia kwenye akaunti yangu, mlango haukufunguka. Nenosiri nilishalisahau, na ile barua pepe niliyojiandikishia ilikuwa ya kampuni iliyokwishafungwa. Wale Wamarekani wanaouza majina wakasema watanitumia namba ya siri kwa posta, kwa anwani niliyoandika siku ile. Bila namba hiyo singeweza hata kulipia mwaka mpya. Mwaka wa zamani ulikuwa umekwisha, na siku za nyongeza zilikuwa zinaishia leo. Baada ya saa tisa, mtu yeyote angeweza kulichukua.

"Na yule Mnairobi?" Shigela aliuliza. "Mbona wiki ya tatu hii hapigi?"

Niliitazama saa ya ukutani.

"Anasubiri saa tisa," nikasema. "Anataka aliokote chini, bure kabisa!"

"Basi ninyi Wafipa si mnatuma radi? Mtumie moja."

"Radi ni kwa watani wetu wenye ng'ombe, watu wa kwenu. Lete simu!"

Anwani niliyoandika ilikuwa sanduku la posta la parokia, maana sikuwa na langu. Barua za sanduku lile huenda vigangoni, na kigangoni kwetu Mollo katekista Basil huzisoma majina Jumapili baada ya ibada. Mwenyewe akiwapo, anasimama na kupokea. Asipokuwapo, watu wanaulizwa nani anaelekea upande wake, na huyo anaibeba. Ndivyo tulivyokuwa tukipata barua zetu zote, na sijapata kusikia moja imepotea.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba, Mwalimu Bertilla. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Katekista, kuna barua yangu yoyote kutoka nje?"

"Ile yenye picha ya tai? Mbona ulishaipata! Niliisoma Jumapili mbili zilizopita, shangazi yako Cornelia akasimama. Alisema anapitia Matai, atakuachia shuleni."

"Matai niliondoka tangu mwaka jana!"

"Ah. Sasa hilo mimi na shangazi yako nani angetuambia?"

Alisema kweli. Nyumbani sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari zangu, hata za kuhamia mjini, nikiogopa kuchekwa kwamba Bertilla ananunua maneno ilhali maneno anayo mdomoni. Nilipiga shule ya Matai. Mwalimu wa zamu alinikumbuka, akanisalimia mpaka nikataka kulia, ndipo akasema mama mmoja wa makamo alifika na barua, akaambiwa nimehama, akaondoka nayo. Alikuwa anateremka ziwani, Kasanga, kununua dagaa.

"Kasanga!" Shigela alishika kichwa. "Hata ukipaa hufiki kabla ya saa tisa."

"Siendi. Barua itasomwa hukohuko."

Katekista Basil, niliporudi kwake, alinitafutia namba ya Evaristi, mfanyabiashara wa dagaa ambaye shangazi hufikia kwake. Nilipiga. Haipatikani. Nilipiga mara ishirini na kitu. Shigela alinunua vocha, akakwangua, akanunua nyingine. Saa saba na nusu ikaita.

"Evaristi hapa! Sema haraka, nimepanda kwenye magofu ya Wajerumani, huko chini mtandao hakuna!"

"Shangazi Cornelia yupo kwako?"

"Yupo, anaanua dagaa."

"Mlete hapo ulipo. Na barua! Mwambie ni Bertilla, ni jambo kubwa!"

"Jambo kubwa ni msiba?"

"Hapana! Ni heri! Kimbia!"

Hakukimbia. Saa nane ikapita, robo ikapita. Wateja walikuwa wameacha kompyuta zao na kusimama nyuma yangu, kwa sababu Shigela alikuwa amewaeleza yote, bila kuniomba ruhusa. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wenye visanduku vinane vitupu. Chini yake maandishi mekundu yalionya: ukikosea mara tatu, mlango unafungwa. Saa nane na dakika thelathini na nne simu ikalia, na Shigela akafungulia spika.

"Bertilla mwanangu," sauti ya shangazi ilikuwa inahema. "Huku juu umenipandishia nini?"

"Shikamoo shangazi. Fungua barua."

"Marahaba. Nifungue barua ya mtu?"

"Ni yangu, shangazi, nimekuruhusu!"

"Mwenyewe hayupo, mimi nichane? Nimeibeba Mollo mpaka Kasanga haijaguswa. Kesho kutwa napanda, nitakukabidhi mkononi."

"Shangazi, kesho kutwa hiyo barua itakuwa karatasi ya kufungia karanga! Chana!"

Watu nyuma yangu wakapaza sauti pamoja: "Chana, mama! Chana!"

"Hao ni nani?"

"Mashahidi," Shigela akadakia kwenye simu. "Tupo kumi na wawili, mama. Tunashuhudia kwamba mwenyewe amekuruhusu."

Nikasikia karatasi ikichanika, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

"Kizungu kitupu," shangazi akasema.

"Tafuta mahali penye herufi na namba zilizochanganyika. Zitakuwa nene."

"Nimeziona. Ya kwanza, K ya Kasanga."

"K!" watu wakaitikia.

"Nne. Halafu M ya Monika. R ya Raheli. Tisa. D ya Debora. Mbili."

Niliandika kila moja kwa kidole kimoja. "Ya mwisho?"

"Ya mwisho imelowa. Barua ilikaa na dagaa, unajua. Ni saba. Au moja. Inaonekana mkia tu."

"Evaristi naye aangalie!"

"Mimi naona saba," Evaristi akasema.

"Huyu macho yake yameharibiwa na moshi," shangazi akasema. "Mimi sasa naona moja."

Saa nane na dakika hamsini. Nikaandika saba. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukarudi mwekundu. Mtu nyuma yangu akaguna. Nikafuta saba, nikaandika moja, nikabonyeza huku nimefumba macho.

"Mwalimu," Shigela akasema polepole. "Fumbua."

Mlango ulikuwa wazi. Majina yangu yote saba yalikuwa yamejipanga kama wanafunzi mstarini, na pembeni mwa nafaka kulikuwa na kitufe cha kulipia. Shigela alipiga namba za kadi yake bila kuitazama kadi. Saa nane na dakika hamsini na saba ilikuja risiti: mwaka mmoja, mwenyewe Bertilla, Sumbawanga. Duka zima likalipuka. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti alipiga vigelegele bila kujua hasa tumeshinda nini.

"Mmefanikiwa?" shangazi aliita kutoka kule juu.

"Tumefanikiwa, shangazi! Wewe ndiye umelikomboa!"

"Nimekomboa nini?"

"Neno!"

"Neno," alirudia, halafu nikamsikia akimwambia Evaristi, "Mwanangu ameokoka."

Saa tisa na dakika sita simu ya Shigela ikaita tena, na namba ilianza kwa tarakimu za Kenya. Watu wakasogea karibu.

"Naona umelilipia," yule bwana alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa basi. "Basi, ile mia tatu bado ipo."

"Mia tatu ilikuwa ya Machi. Leo ni elfu tatu."

"Dada, hilo ni neno moja tu!"

"Ndiyo maana. Yangekuwa mawili usingekaa wiki tatu ukiyavizia."

Alicheka, kicheko cha kushikwa. "Elfu moja."

"Tafuta neno la Kiingereza la nafaka, uone wenyewe watakuambia bei gani."

Shigela alikuwa ananifinya bega, mdomo wake ukisema bila sauti: kubali, kubali. Sikukubali. Nilisimama.

"Elfu mbili na mia tano," akasema. "Ni mwisho wangu kabisa."

Hapo nilijua ni mwisho wake kweli, maana alikuwa ameacha kucheka. "Nimekubali. Lakini mkataba uandikwe kwa Kiswahili."

"Kiswahili? Mwanasheria wangu hajazoea..."

"Atajifunza. Mmenunua neno la Kiswahili, bwana. Na akikosea nitasahihisha kwa kalamu nyekundu na kumrudishia aandike upya."

Shigela alijitupa kwenye kiti akicheka mpaka machozi yakamtoka, na watu wakaanza kunishika mikono, kila mmoja akinong'oneza neno analodhani bado halijachukuliwa. Mimi nilikuwa nimeshakaa tena mbele ya kompyuta. "Mmoja mmoja," niliwaambia, nikaandika la kwanza.