Gunia la Ulezi Mlangoni

Tangu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa napigana na paleti, vichanja vya mbao vya kupangia mzigo. Ishirini na mbili, kila moja ina mifuko ya unga hadi usawa wa kifua, imezungushiwa nailoni. Hapa kiwandani Namanyere tumezoea malori ya wazi: panga mifuko, funika turubai, vuta kamba, safari njema. Tela hili la boksi, lililofungwa pande zote na mlango nyuma, lilikuwa la tatu tu kwetu, na mimi, Bertilla, msimamizi wa upakiaji, ndiye niliyepelekwa semina ya siku mbili kujifunza habari zake.

Semina ilinipa hofu kuliko ujuzi. Kwenye boksi huoni mzigo ukisogea. Unasogea kila breki, kila tuta, mpaka unauegemea mlango, na anayefungua ndiye anayeupokea. Ghalani Sumbawanga anayefungua ni Vitus, mdogo wangu, baba wa watoto wawili. Kwa hiyo kila mkanda wa kufungia mzigo niliukagua kwa mkono wangu, nikaongeza miwili nyuma ya paleti za mwisho, kisha nikamkazia macho dereva.

"Adolfu, mikanda hii haiguswi mpaka ghalani."

"Dada Bertilla, umeshasema mara nne."

"Basi hii ya tano."

Lori lilipoondoka saa nne nilikaa juu ya paleti tupu, miguu inawaka moto. Nilichoka hadi chai ikanishinda.

Saa sita na nusu mama akapiga simu kutoka Chala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa sina chaji. Ulezi umeshakwenda. Yule Adolfu ana utu jamani! Kafungua mikanda yote ya nyuma, kauweka pale mlangoni."

Ulezi. Mwezi uliopita nilimwomba Adolfu kwa mdomo wangu: ukipita Chala, chukua kwa mama gunia moja la ulezi umpelekee Vitus, ni la pombe ya komunio ya mtoto wake. Kwetu lori halipiti Chala bila kubebeshwa kitu cha ndugu, na kwenye lori la wazi unalirusha gunia juu ya turubai, basi. Boksi halina pa kurushia. Nafasi ni pale mlangoni tu. Nimefundisha watu kufunga mzigo wiki nzima, ombi langu nimelisahau!

"Mama, mikanda aliirudisha?"

"Alijaribu, haikufika. Akasema gunia litazuia."

Gunia la ulezi lizuie paleti mbili za mwisho, tani mbili za unga! Nilikata simu bila kumuaga mama, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Adolfu hapatikani. Vitus simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, akapokea.

"Dada, niko kazini. Lori lako limefika."

"Usifungue!"

"Nimeshainua komeo."

"Toka mbele ya mlango, Vitus! Mikanda imefunguliwa. Kaa pembeni!"

Nilisikia kishindo, halafu hakuna kitu. Nikaita jina lake. Wapakiaji walioninung'unikia asubuhi nzima waliacha kazi, wakanitazama. Niliita tena. Nilisali kwa hasira, kama mtu anayedai haki yake, kisha hasira ikaisha nikabaki naomba tu.

"Dada." Alikuwa anahema. "Niko pembeni. Paleti mbili zimeanguka pale pale nilipokuwa nimesimama."

"Umeumia?"

"Hapana. Ila huku kumejaa ulezi. Nani kaweka ulezi humu?"

Jina la Adolfu lilikuja mdomoni lenyewe. Yeye ndiye dereva, yeye ndiye aliyefungua, na nani angenibishia? Lakini mwili wote ulikuwa umechoka, na kusema uongo nako ni kazi.

"Mimi," nilisema. "Ni wa komunio ya mwanao."