Mwanyumba Wangu Fundi Boila

Mama Zekiye, mama wa mke wangu, alikuja kukaa kwetu theluji ya kwanza ilipoanguka, na kesho yake tu maji ya moto yakapotea. Redieta za vyumbani zilikuwa zinachoma. Ukikaa sebuleni unavua sweta. Lakini ukifungua bomba la maji ya moto jikoni au bafuni, yanatoka maji ya kukata vidole, na maji ya mji wetu wa Sivas wakati wa baridi si ya kuchezea.

Boila yetu ni ya ukutani, imetundikwa kwenye roshani ya jikoni kama za watu wote wa jengo letu. Inatumia gesi, inapasha vyumba, inapasha maji. Sasa ilikuwa imechagua vyumba tu.

"Nitaitazama mimi," nikamwambia mke wangu, Nuriye.

"Mpigie Selçuk."

"Nimesema nitaitazama mimi."

Selçuk ni mwanyumba wangu, mume wa Feride, dada yake Nuriye. Kazi yake ni hiyo hiyo, fundi boila. Ana gari lenye jina lake ubavuni na cheti kwenye fremu. Mimi natengeneza springi za malori kule viwandani, jina langu halijaandikwa popote. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni Mama Zekiye.

Sitazunguka. Nilimwonea Selçuk wivu tangu tulipooa. Mama alimwita yeye "mwanangu". Mimi aliniita Rifat. Sikukuu tukienda kumbusu mkono, wa kwanza kubusu alikuwa Selçuk, hata kama mimi ndiye niliyefika mlangoni mbele. Kila majira ya baridi Mama anashuka kutoka kijijini, maana kule mama wa umri wake hawezi kubeba kuni kwenye barafu, na kila mara alikaa kwa Selçuk. Kwetu alikuja kunywa chai, akaondoka. Mama yangu mimi alikufa nikiwa mdogo, ndiyo sababu nikatolewa shule nikapelekwa karakana. Mtu aliyekulia kwenye karakana anataka mama nyumbani. Cheka ukitaka.

Mwaka huu, bila mtu kumwuliza, akasema kwenye simu, "Mwaka huu nitakaa kwa Rifat." Nuriye alifurahi. Mimi nilipaka rangi chumba, nikanunua godoro gumu la watu wenye mgongo. Nikakumbuka pia kwamba Mama hawezi kuinua mguu mpaka kwenye sinki akitawadha. Basi siku moja kabla hajafika, nikafunga bafuni koki mbili, ya moto na ya baridi, zinazokutana kwenye mpira mmoja wa maji wenye kifyatulio mwishoni. Unakaa kwenye kigoda, unabonyeza, unanawa miguu. Ukiachia, maji yanasimama. Koki zenyewe tuliziacha wazi wakati wote ili asiwe anainama.

Alipouona ule mpira aliushika, akaubonyeza mara moja, akasema, "Hee." Basi. Lakini kwa Mama Zekiye hiyo ilikuwa hotuba.

Halafu maji ya moto yakapotea.

Nikaanza. Nikatazama saa ya presha, mshale uko palepale unapotakiwa. Nikazima boila, nikawasha. Nikafungua vichujio vya midomo ya mabomba, nikavilaza kwenye siki, maana maji yetu yana chokaa nyingi. Nikavirudisha. Maji yakaja mengi zaidi, na baridi zaidi. Nuriye akawa anachemsha birika moja baada ya jingine, Mama anaoga kwa kata huku anaguna.

"Rifat," akaniambia kutoka kwenye kiti chake karibu na redieta, "hiyo si lori."

"Najua, Mama."

"Selçuk angekwisha kuitengeneza, tungekuwa tumesahau."

Nuriye akaingilia kutoka jikoni, "Mama, mwache, bado anaitishia. Ikiogopa itawaka."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Siku ya tatu Mama akakohoa asubuhi. Akasema kwamba kama mambo ndiyo haya, ni afadhali aende tu kwa Selçuk mpaka baridi iishe, hataki kumsumbua mtu. Alisema kwa upole, na ndiyo maana nilisikia vibaya. Kama angefoka ningejibu.

Nuriye hakuniuliza tena. Alimpigia Selçuk mbele yangu.

Alifika mchana, ana theluji mabegani na kisanduku cha vyombo mkononi. Akavua viatu mlangoni. Nuriye akamtolea ndara za wageni.

"Mpe zile za Rifat," Mama akasema, "zile zina manyoya ndani. Mwanangu katoka kwenye baridi."

Nilivua. Nikasimama na soksi ndani ya nyumba yangu, mwanyumba kavaa ndara zangu, anabusu mkono wa mama mkwe wangu na kuuweka kwenye paji la uso, na mama anamshika shavu. Angalia jinsi mtu anavyoweza kufanywa mgeni kwake.

"Umekonda, mwanangu. Feride hakupikii?"

"Tangu uondoke mwaka jana, Mama, nyumba haina ladha," Selçuk akasema. Halafu akanigeukia. "Vipi, mwanyumba? Umeifungua kwa nyundo?"

"Tengeneza boila, acha mdomo."

Kwenye roshani alifungua kifuniko, akachafuka mikono hapohapo kwa grisi na masizi. Akaniambia nifungue bomba la maji ya moto jikoni. Akaweka kiganja kwenye bomba hili, kisha lile, kama daktari anayepima mapigo.

"Moto humu ni mmoja, kazi ni mbili," akasema. "Ukifungua bomba, maji yanapita hapa, boila inayasikia, inaacha vyumba na kugeukia maji. Yako haisikii kitu. Ama vali ya kugeuza imenata, ama maji hayapiti humu."

"Yatapita wapi kama si humu?"

Alisimama akifikiri. "Kuna bomba gani jipya humu ndani?"

"La Mama, bafuni."

"Baki hapa. Usifunge maji."

Akaenda bafuni. Nikabaki nimeshika bomba la jikoni, vidole vyangu vimekufa ganzi. Mara boila ikanguruma nyuma yangu. Moto uliwaka, niliuona wa buluu kwenye kidirisha. Na maji yakaanza kupoteza ule ukali, yakawa vuguvugu, yakaelekea kuwa moto. Nikataka kupiga kelele. Lakini Selçuk akarudi upesi, akanyoosha mkono mbele yangu, akafunga bomba.

"Umeona?" akasema. "Inawaka halafu inazima. Ni vali."

"Mbona haijazima? Wewe ndiye uliyefunga."

"Mwanyumba, mimi nimekuambia namna ya kukunja springi? Ni vali. Kipuri cha aina hii hapa mjini hakuna, mpaka kitoke Ankara." Akatazama mikono yake. "Ngoja ninawe."

Akarudi bafuni. Alipotoka akaenda moja kwa moja sebuleni, akachuchumaa mbele ya kiti cha Mama.

"Mama, boila hii imechoka. Kipuri kitachukua muda, na mzee mwenye kikohozi hakai nyumba isiyo na maji ya moto. Twende nyumbani. Chumba chako kipo kama ulivyokiacha. Feride hata shuka hajatoa."

Mama akanitazama. Alikaa akinitazama kitambo, nadhani akingoja niseme neno. Nilikuwa na birika tu.

"Haya," akasema. "Nuriye, nipe begi langu."

Nuriye akanipita bila kuniangalia. Nikaenda jikoni nikafungua lile bomba. Baridi. Nikangoja. Baridi ileile ya asubuhi. Nikaanza kujiuliza. Mimi sikusoma, lakini chuma nimekisikiliza maisha yangu yote, na ule mngurumo haukuwa wa kitu kinachokufa. Moto uliwaka Selçuk alipokuwa bafuni. Tangu aliporudi bafuni tena, haukuwaka. Na kitu kingine: mtu kasema anakwenda kunawa, kisha kachuchumaa mbele ya mama mkwe na kucha zake bado nyeusi.

Nikaingia bafuni. Sabuni ilikuwa kavu. Kwenye koki zangu mbili nyeupe, ya moto na ya baridi, palikuwa na alama za vidole, masizi. Zote mbili zilikuwa wazi, kama tulivyozoea kuziacha.

Nikazifunga. Nikafungua maji ya moto kwenye sinki.

Boila ikanguruma kule roshani.

Hapo nikaelewa, na nilitaka kujipiga kofi. Koki zikiwa wazi na kifyatulio kimefungwa, maji baridi yanakutana na ya moto ndani ya ule mpira, na kwa kuwa yana nguvu yanasukuma na kuingia kwenye bomba la moto. Ukifungua jikoni, unapata maji baridi yaliyopitia bafuni. Boila haipitiwi na kitu, itasikia nini? Boila ilikuwa nzima. Aliyeiziba masikio ni mimi, kwa ule mpira. Na Selçuk alijua, alifunga, akaona, akafungua tena.

Maji yakaanza kutoa mvuke.

"Mwanyumba!" nikaita. "Njoo mara moja."

Alikuja na begi la Mama mkononi. Nikafunga mlango. Niliushika mkono wake nikauweka chini ya maji. Aliuacha pale mpaka ukawa mwekundu.

"Sema," nikamwambia polepole. "Sema kabla sijamwita Nuriye, na Mama, na majirani wa chini."

Selçuk akakaa kwenye kigoda cha Mama. Mtu mzima, na ndara zangu miguuni.

"Kwangu kakaa majira yote yale," akasema. "Ananawia miguu kwenye sinki huku kajishika ukutani. Namwona kila siku. Mimi ni fundi maji, Rifat. Fundi maji! Haikunijia akilini." Akaupiga teke ule mpira. "Wewe mkunja springi ndiye umefikiria. Jana kakusifia kwa Feride kwenye simu, 'Rifat kanifungia hivi, Rifat kanifungia vile.' Feride akaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nimeingia humu nikauona..." Akazitazama ndara zangu. "Nilitaka tu arudi."

Ningependa kusema nilimhurumia. Hapana. Nilisikia utamu ambao sijawahi kuusikia. Selçuk, mwenye cheti, mwenye gari, mwenye kubusu mkono wa kwanza, alikuwa ananionea wivu mimi. Nilitaka aseme tena.

"Mnanong'ona nini huko?" Mama akaita kutoka mlangoni. "Nimekwisha vaa kiatu kimoja!"

Selçuk akanitazama. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, zima, tayari. Lakini niliwaza litakapotua. Nuriye atampigia dada yake, watatukanana mpaka masika. Na Mama namjua. Akijua wakwe wanadanganyana kwa ajili yake, hatakaa kwangu wala kwa Selçuk. Angeomba arudishwe kijijini siku hiyohiyo, akae peke yake na barafu yake, na hakuna ambaye angemzuia.

Nikafungua mlango.

"Vua hicho kiatu, Mama. Maji yamekuja."

"Yamekuja? Si amesema mpaka Ankara?"

Selçuk hakuinua kichwa. Ilinibidi niling'oe neno kwa nguvu, kama jino.

"Mwanyumba kajaribu tena," nikasema. "Kaitengeneza."

Uso wa Mama ukafunguka. Alikuja kwa kiatu kimoja, akapitisha kidole kwenye maji, akakichomoa haraka, akacheka. Akamshika Selçuk kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini.

"Mikono yako iwe na afya, mwanangu! Unaona, Rifat? Fundi ni fundi."

"Naona, Mama."

Amekaa. Mpaka sasa, theluji imeanza kuyeyuka kwenye mapaa, bado yuko kwetu. Ananawa miguu kwa mpira, na mimi nafunga koki kila akimaliza, kwa mkono wangu. Na kila akioga anatoka mwekundu kama nyanya, kajifunga taulo kichwani, anaanza: Selçuk hivi, Selçuk vile, bila Selçuk tungeganda. Anawaambia majirani. Kamwambia hata muuza mkate. Mimi nauma meno na kunywa chai.

Juzi akazidisha. "Rifat, mpigie Selçuk. Mwambie maji leo ni moto kuliko siku zote. Mshukuru."

"Nitampigia, Mama."

"Sasa hivi. Nataka nisikie."

Nikampigia, Mama kasimama kando. Nikamshukuru.

"Anautumia ule mpira?" Selçuk akauliza.

"Kila sala."

Akakata simu. Nikamwambia Mama amesalimiwa sana, kisha nikamwomba Nuriye aniongezee supu. Siku hiyo nilikula vizuri.